Kwa nini Penguins walimtimua kocha katikati ya msimu, kisha wakabeba kombe?

SWALI: Habari mtaalamu. Mimi ni mtu wa Mwanza, sasa naishi Pittsburgh, Marekani. Hapa mjini kila mtu ni Penguins, hoki ya barafuni. Soka nalijua vizuri, huu mchezo bado unanipiga chenga. Mwenzangu kazini ameniambia kuwa mara mbili timu hii imemtimua kocha katikati ya msimu, na mara zote mbili ikabeba kombe miezi michache baadaye. Halafu kocha aliyeleta makombe mawili mfululizo naye kaondoka, yuko New York. Nikitazama runinga namwona kocha kavaa suti, kasimama nyuma ya benchi, anatafuna bigijii. Hivi anafanya kazi gani hasa? Na hayo makombe ni ukocha au ni zali?

JIBU: Ndugu yangu, mwenzako hakukudanganya. Michel Therrien alitimuliwa tarehe 15 Februari 2009, na ilipofika tarehe 12 Juni mwaka huohuo Penguins walikuwa wanazunguka na Kombe la Stanley, lile la ubingwa wa ligi, juu ya barafu ya Detroit. Mike Johnston akaondolewa tarehe 12 Desemba 2015, na tarehe 12 Juni 2016 kombe likanyanyuliwa San Jose. Hizo tarehe 12 zimegongana tu, usizitafutie maana.

Mengine yote yana sababu. Mimi sisemi ni zali, na wala sikubaliani na wale wanaodhani kumfukuza kocha ni dawa. Penguins walifanikiwa kwa kuwa kikosi kilikuwa kimeshaiva, na mtu wa kukichukua alikuwa amekaa mkao wa kula, saa chache tu za barabara kutoka hapo ulipo, kwenye timu yao ya kulea katika mji wa Wilkes-Barre. Nitafika huko. Kwanza tummalize huyu bwana wa suti.

Kwenye soka kocha anapanga kumi na moja, anafanya mabadiliko matano, basi. Muda mwingine anapiga kelele ambazo winga wa upande wa pili hazisikii. Kwenye hoki ya ligi kuu ya Amerika Kaskazini, yaani NHL, timu inavalisha wachezaji 18 wa mbele na nyuma pamoja na makipa wawili. Kwa kawaida hao 18 ni washambuliaji 12, wanaopangwa safu nne za watatu watatu, na mabeki sita wanaocheza wawili wawili. Uwanjani wanakuwa watano na kipa. Mabadiliko hayana idadi, na mchezo hausimami kuyasubiri. Mtu anateleza kwa nguvu zake zote kwa sekunde arobaini hivi, hamsini akichelewa, kisha anarudi benchi akihema na mwingine anaingia. Waliowahi kuwatazama Ice Lions wa Nairobi kwenye kile kiwanja kidogo cha barafu cha Panari wanaelewa kwa nini: barafu inakula pumzi kuliko nyasi. Katika mechi ya dakika 60, mchezaji mmoja wa kutegemewa anaingia na kutoka mara ishirini na zaidi. Zidisha kwa watu 18, ndipo utajua yule anayetafuna bigijii ana shughuli gani.

Mechi ijayo usikifuate kile kisahani cheusi kinachochezwa badala ya mpira, litazame benchi. Washambuliaji wamekaa upande mmoja, mabeki upande mwingine, kila kundi na mlango wake. Kocha mkuu mara nyingi anashika washambuliaji, msaidizi wake mmoja anashika mabeki. Safu iliyoko uwanjani ikianza kuchoka, kocha anapita nyuma ya migongo, anagusa bega na kutaja jina moja tu, la mshambuliaji wa kati. Wale mawinga wawili wa safu hiyo wanajua kuwa wameitwa. Wanasimama, wanapandisha mguu juu ya ubao, wanamsubiri mwenzao akaribie. Wakiruka mapema na uwanjani wakahesabika sita mbali na kipa, mwamuzi anapuliza, na timu inacheza pungufu kwa dakika mbili.

Usidhani hilo ni jambo dogo. Mwaka 1979, nusu fainali, mechi ya saba, Boston Bruins walikuwa wanaongoza 4-3 nyumbani kwa Montreal zikiwa zimebaki chini ya dakika tatu. Benchi la Boston likachanganya hesabu, mtu wa ziada akaonekana uwanjani, wakaadhibiwa. Guy Lafleur akasawazisha, Montreal wakamaliza kazi kwenye muda wa nyongeza, na kibarua cha Don Cherry, kocha wa Boston, kikaota nyasi. Kocha wa Montreal usiku ule aliitwa Scotty Bowman. Mshike jina, atakuja Pittsburgh.

Kuna kitu kingine ambacho runinga haikionyeshi vizuri. Mchezo ukisimama, timu ngeni ndiyo inayotangulia kuweka watu wake uwanjani, na mwenyeji anaweka wa kwake baada ya kuona. Kwa hiyo kocha mwenyeji anaweza kumpangia nyota wa wageni mabeki wake wakorofi zaidi, zamu baada ya zamu, mpaka mtu achukie maisha. Kocha mgeni naye anatafuta kumtoroshea nyota wake kwa kubadilisha wakati mchezo unaendelea. Wanawindana hivyo usiku kucha. Ongeza hapo ule muda mmoja wa mapumziko wa sekunde 30 ambao kila timu inao kwa mechi nzima, uamuzi wa kupinga bao kwa video, ambapo siku hizi ukikosea unaadhibiwa dakika mbili, na ule wa kumtoa kipa dakika za mwisho ili uongeze mshambuliaji wa sita. Yote haya yanaamuliwa na mtu aliyesimama, kasuti kake safi, sura kavu.

Lakini makombe hayabebwi kwa kugusa mabega tu. Kinachoibeba au kuizamisha timu ni aina ya mchezo anayoifundisha kocha asubuhi kwenye mazoezi, na kama inafanana na watu alionao. Hapo ndipo kisa cha 2009 kinapoanzia.

Therrien mwenyewe alipandishwa kutoka Wilkes-Barre Desemba 2005, akachukua nafasi ya Ed Olczyk, ambaye kabla ya kupewa timu alikuwa mchambuzi wa runinga. Kikosi kilikuwa cha watoto, nyota wao Sidney Crosby ndiyo kwanza ana miaka 18. Therrien ni mtu wa mkono wa chuma. Mwezi mmoja tu baadaye alisimama mbele ya waandishi na kuwasema mabeki wake wazi kwamba wanacheza kana kwamba lengo lao ni kuwa safu mbovu kuliko zote kwenye ligi. Msimu uliisha kwa pointi 58, wa pili kutoka mkiani. Kocha alibadilishwa katikati ya msimu huo pia, ndugu yangu, na hakikutokea kitu. Huo mwenzako hakukusimulia, na hakuna anayeusimulia.

Hata hivyo ule ukali ulikuwa na faida yake. Wale watoto walijifunza kukaba, na mwaka 2008 Therrien akawafikisha fainali, wakafungwa na Detroit katika mechi ya sita. Msimu uliofuata masikio yakaziba. Inatokea sana kwa makocha wakali: mwaka wa kwanza wanasikilizwa kwa woga, wa pili kwa heshima, wa nne kila mtu anaangalia viatu vyake. Timu ilikuwa na Crosby, na ilikuwa na Evgeni Malkin ambaye ndiye aliyemaliza msimu huo akiongoza ligi nzima kwa pointi za mabao na pasi, lakini katikati ya Februari ilikuwa nje ya nafasi za kuingia mtoano. Imeshinda 27, imepoteza 25, na mara tano imefungwa baada ya muda wa kawaida, ambako kunakupa pointi moja ya kifuta jasho.

Akaitwa Dan Bylsma, miaka 38, ambaye hakuwahi kuwa kocha mkuu wa NHL hata kwa mechi moja. Therrien aliwataka wajipange nyuma kwanza. Bylsma akageuza: kisahani kitupwe kwenye theluthi ya wapinzani, watu wakikimbilie, beki wa timu pinzani abanwe kabla hajainua kichwa. Kwa vijana wenye kasi ile, ilikuwa kama kufunguliwa zizi. Katika mechi 25 zilizobaki walishinda 18, wakapoteza tatu, nne wakafungwa nje ya muda wa kawaida.

Sasa kuwa makini hapa, maana ndipo wengi wanapompa kocha kila kitu. Katikati ya Februari hiyohiyo Sergei Gonchar, beki aliyekuwa mhimili wa mashambulizi, alirudi kutoka kwenye majeraha ya bega. Kabla ya dirisha kufungwa wakaletwa Chris Kunitz na Bill Guerin, mawinga wawili wa kumsaidia Crosby. Nikikuambia Bylsma alibadilisha timu, ni kweli. Nikikuambia timu aliyoikuta Bylsma mwezi Machi siyo ile aliyoiacha Therrien, nayo ni kweli. Fainali ikaenda mechi ya saba, ugenini Detroit. Max Talbot, ambaye hakuwa nyota, akafunga mabao yote mawili, ikawa 2-1, na sekunde za mwisho kabisa Nicklas Lidström, beki wa Detroit, akaachia shuti karibu na goli. Kipa Marc-André Fleury akajirusha akaligonga kwa mwili. Lingeingia lile, huenda leo tungekuwa tunazungumza habari nyingine. Hiyo ndiyo sehemu ya zali, na mimi siifichi.

Kisa cha 2015 mimi nakiona kina mafunzo mengi zaidi, kwa sababu timu haikuwa hoi. Johnston alikuwa na ushindi 15, vipigo 10 na vile vya nje ya muda vitatu. Kocha mwingine angeongezewa mkataba kwa rekodi hiyo. Tatizo lilikuwa kwamba Crosby alikuwa hafungi, Phil Kessel aliyesajiliwa kwa makelele kutoka Toronto alikuwa amepooza, na timu ilikuwa inacheza polepole kuliko miguu yake. Meneja mkuu Jim Rutherford, yule anayesajili wachezaji na kuajiri makocha, hakusubiri. Akampandisha Mike Sullivan kutoka Wilkes-Barre.

Sullivan akapoteza mechi nne za kwanza. Zote nne. Kwa mashabiki wa Simba na Yanga ninaowajua mimi, hapo mtu angekuwa ameshaandaliwa basi la kumpeleka uwanja wa ndege. Rutherford yeye alikuwa akimtafutia wachezaji wa mchezo aliokuwa anautaka. Akamleta beki Trevor Daley kutoka Chicago, anayejua kukitoa kisahani nyuma haraka, na mwezi uliofuata Carl Hagelin kutoka Anaheim, mmoja wa watelezaji wenye kasi kwenye ligi. Maelekezo ya Sullivan yalikuwa mepesi: toeni nyuma upesi, shambulieni kwa kasi, na mwamuzi akikosea, mpinzani akikuchokoza, nyamaza ucheze. Timu ile ilikuwa na ugonjwa wa kulalamika, tangu enzi za Bylsma. Ukapona.

Kisha wakapandishwa vijana wake wa Wilkes-Barre: Bryan Rust, Conor Sheary, Tom Kühnhackl. Hawakuhitaji kufundishwa lolote, maana walishacheza mchezo wake miezi miwili mitatu huko chini. Golini akamsimamisha kinda Matt Murray, naye ni wa kulekule, wakati Fleury aliyebeba kombe la 2009 amekaa benchi. Hebu fikiria ujasiri wa uamuzi huo katika mji ambao kila mtoto ana jezi ya Fleury. Kessel akapewa safu ya tatu na Hagelin pamoja na Nick Bonino, safu ya watu ambao msimu mmoja nyuma hakuna aliyekuwa Pittsburgh, na hao ndio waliowasumbua watu mpaka fainali. Kessel si mtu rahisi kufundishwa. Kazi kubwa ya kukaa naye, kumsikiliza na kumtuliza ilikuwa ya msaidizi Rick Tocchet, na kocha mkuu mwenye akili anajua ni nani kwenye benchi lake anayesikilizwa na nani. San Jose wakafungwa katika mechi sita. Mwaka uliofuata, bila Kris Letang, beki wao bora, aliyekuwa majeruhi, wakawafunga Nashville sita tena. Hakuna timu iliyokuwa imetetea kombe hilo tangu Detroit ya 1997 na 1998.

Turudi Wilkes-Barre, maana nadhani hapo ndipo penye jibu. Ni mji wa Pennsylvania hiyohiyo, upande wa mashariki, na tangu 1999 Penguins wana timu yao ya kulea huko, inayocheza ligi ya chini ya NHL. Wachezaji wake wengi wana mikataba ya Pittsburgh. Kocha wake anaajiriwa na Pittsburgh. Mtu anapandishwa Jumatatu anacheza Jumanne. Therrien, Bylsma na Sullivan wote wamepitia benchi lile. Klabu inapomfukuza kocha mkuu mwezi Desemba, haianzi kuzunguka dunia kutafuta mtu asiye na kazi, anayeshuka na mkalimani na falsafa mpya. Inampandisha mtu anayeujua mkoba wa daktari wa timu uko wapi, anayewajua vijana kwa majina yao ya utani, na ambaye meneja mkuu ameshamtazama akifanya kazi. Klabu zetu nyingi hazina kitu hiki, ndiyo maana kutimua kocha katikati ya ligi kwetu mara nyingi ni kuanza upya.

Kuna sababu ya pesa pia. Tangu 2005 NHL ina kikomo cha jumla ya mishahara ya wachezaji kwa kila timu, na mikataba ya wachezaji huwezi kuivunja kirahisi. Huwezi kununua mtu kwa fedha kama kwenye soka, ni lazima ubadilishane. Nyota wako wakicheza vibaya, huna pa kuwapeleka. Mshahara wa kocha haumo kwenye kikomo hicho. Ukimfukuza ukamlipa akiwa nyumbani na ukamlipa na mpya, anayeumia ni mwenye timu, kikosi hakiguswi. Kocha ndiye kitu pekee kwenye chumba kile kinachoweza kubadilishwa usiku mmoja, na kila mchezaji anajua.

Ndiyo maana Penguins hawako peke yao. New Jersey Devils walimpa timu Larry Robinson mwaka 2000 msimu wa kawaida ukiwa unaelekea ukingoni, wakabeba. Los Angeles Kings walimleta Darryl Sutter Desemba 2011, wakabeba 2012. St. Louis Blues walimpandisha Craig Berube Novemba 2018, na mwanzoni mwa Januari walikuwa wa mwisho katika ligi nzima. Juni 2019 wakabeba. Ukizisoma hizi mfululizo unaweza kudhani ni kanuni. Si kanuni. Wanaotimua na kuishia palepale ni wengi zaidi, ila hakuna anayewaandikia historia.

Kwa mizani, nikueleze pia kocha ambaye hakuletwa kwa dharura, maana kwa wazee wa Pittsburgh yeye ndiye wa kwanza kutajwa. Klabu ilianzishwa 1967, ligi ilipoongezwa kutoka timu sita hadi 12, na kocha wake wa kwanza alikuwa Red Sullivan (hana uhusiano na Mike). Zaidi ya miaka ishirini ikapita bila kombe, makocha wakipokezana, hata baada ya kuja nyota Mario Lemieux mwaka 1984. Juni 1990 meneja Craig Patrick akafanya jambo ambalo sijaliona likirudiwa: kwa wakati mmoja akamwajiri Bob Johnson kuwa kocha na Scotty Bowman, yuleyule wa Montreal, kusimamia maendeleo ya wachezaji.

Johnson alikuwa mwalimu wa chuo kikuu. Alibeba ubingwa wa vyuo mara tatu akiwa Wisconsin, akaifikisha Calgary fainali ya 1986. Alikuwa na daftari, alikuwa akiandika kila kitu, na alikuwa na furaha ya kuchosha watu. Salamu yake ilikuwa kwamba leo ni siku nzuri sana ya kucheza hoki, na aliisema wakiwa wameshinda, wakiwa wamefungwa, mvua ikinyesha. Wachezaji wakongwe walimcheka mwanzoni. Lemieux alikosa sehemu kubwa ya msimu kwa mgongo, Jaromír Jágr alikuwa mtoto aliyetoka Chekoslovakia na hajui Kiingereza, na Johnson hakupandisha sauti. Machi 1991 Patrick akamletea Ron Francis na Ulf Samuelsson kutoka Hartford, na Mei 25 wakawachapa Minnesota North Stars 8-0 katika mechi ya sita. Kombe la kwanza.

Agosti mwaka huohuo, akiwa anaiandaa timu ya taifa ya Marekani, aligunduliwa kuwa na uvimbe kwenye ubongo. Alifariki tarehe 26 Novemba 1991. Klabu iliandika ile salamu yake juu ya barafu ya uwanja wake.

Bowman alishika timu kwa muda, na hapa utaona kitu ambacho vitabu vya ukocha havisemi vizuri. Huyu ni mtu aliyekuja kumaliza maisha yake ya kazi na makombe tisa kama kocha na ushindi 1,244 wa msimu wa kawaida. Lakini wachezaji waliozoea kukumbatiwa na Johnson hawakuupenda ubaridi wake, na majira ya baridi yakawa magumu. Bowman akafanya jambo ambalo wenye majina makubwa hawalifanyi: mazoezi mengi akawaachia wasaidizi, yeye akabaki na mechi, yaani ile kazi ya kugusa mabega na kuwinda zamu, ambayo hakuna aliyemzidi. Walikuwa nyuma 3-1 dhidi ya Washington raundi ya kwanza, wakageuza, kisha wakafunga msimu kwa ushindi 11 mfululizo wa mtoano. Kombe la pili, 1992. Mwaka uliofuata walishinda mechi 17 mfululizo katika msimu wa kawaida, rekodi ya ligi, halafu wakatolewa na Islanders raundi ya pili. Bowman akaenda zake Detroit, akabeba mengine matatu.

Majina makubwa peke yake pia yamewahi kuwaangusha. Mwaka 2000 waliletewa Ivan Hlinka, aliyewapa Wacheki dhahabu ya Olimpiki ya Nagano 1998. Hakuna shaka kwamba alijua hoki. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, na kocha anayetakiwa kutaja jina sahihi ndani ya sekunde mbili akiwa katikati ya kelele za watu elfu kumi na kadhaa anahitaji lugha kuliko anavyohitaji ubao. Mwaka wa kwanza alifika fainali ya ukanda, hatua moja kabla ya fainali yenyewe, Lemieux akiwa amerudi kutoka kustaafu. Msimu wa pili alipoteza mechi nne za mwanzo akaondoshwa. Sullivan naye alipoteza nne za mwanzo. Tofauti ilikuwa kwa waajiri, na kwa kikosi kilichokuwa kinakuja nyuma yake.

Kuhusu kuondoka kwa Sullivan: hakukuwa na ugomvi mkubwa, kulikuwa na umri. Crosby, Malkin na Letang walizeeka pamoja. Klabu iliingia mtoano misimu 16 mfululizo kuanzia 2007, mnyororo ukakatika 2023, na ikakosa tena 2024 na 2025. Sullivan alikuwa ameshinda mechi nyingi kuliko kocha yeyote wa klabu hiyo. Lakini meneja mpya, Kyle Dubas, anataka kujenga upya na vijana, na kumwomba mtu wa makombe mawili avumilie miaka ya kujenga ni kumpotezea muda na kujipotezea wewe. Tarehe 28 Aprili 2025 wakaachana kwa maelewano, na siku chache baadaye New York Rangers wakamdaka. Ukitaka kujua tuzo zinavyochekesha, ile ya kocha bora wa mwaka haijawahi kwenda kwa Sullivan. Hadi 2025, kwa Penguins alikuwa ameipata Bylsma tu, 2011, mwaka ambao Crosby na Malkin waliumia na timu ikatolewa raundi ya kwanza. Mwaka 2014 Bylsma akatimuliwa baada ya kuongoza 3-1 dhidi ya Rangers na kupoteza tatu zilizobaki.

Aliyepewa timu Juni 2025 ni Dan Muse, ambaye alikuwa msaidizi kwenye benchi la Rangers haohao. Ni mara yake ya kwanza kuwa kocha mkuu wa NHL, na sifa yake ni kulea vijana: amefundisha timu za vijana za taifa la Marekani, na Chicago Steel aliwapa ubingwa wa ligi ya vijana mwaka 2017. Kwa hiyo usimpime kwa kipimo cha Bylsma na Sullivan. Wao waliikuta meza imeandaliwa, yeye ameitwa jikoni.

Ukitaka kumpima, nenda mwenyewe PPG Paints Arena, uwanja wa Penguins. Kata tiketi ya upande unaotazamana na mabenchi, siyo nyuma yake, ili uone milango yote miwili. Kila filimbi ikilia, angalia wageni wameweka safu gani, kisha hesabu ni vijana wangapi Muse anawapeleka dhidi ya safu bora ya wapinzani, na kama anawarudisha tena zamu inayofuata baada ya kufungwa bao. Akiwarudisha, anafanya kazi aliyoajiriwa kuifanya, hata kama ubao wa matokeo unasema vingine. Mechi za katikati ya wiki mara nyingi tiketi zake ni nafuu kuliko za Jumamosi, na beba koti, ndani kuna baridi.